Tamthilia za hospitali: ipi inasema kweli, na kweli ya aina gani

"Simamisha hapo," wifi alisema, na kabla sijaifikia rimoti yeye alikuwa ameshaibonyeza. Kwenye televisheni daktari alikuwa ameinua vibao viwili vya mashine ya kushtua moyo, jasho linamtiririka. Nyuma yake mstari wa kijani ulikuwa umenyooka. "Mstari umelala. Moyo hautikisiki hata kidogo. Sasa wanamshtua nini?"

Shemeji, ambaye yuko mwaka wa pili wa utabibu, akamuunga mkono dada yake. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Ukerewe kwa ajili ya kliniki ya presha, akatuomba tuache ubishi kwa sababu yeye anataka kujua kama yule kijana atapona. Mimi sikusema neno. Swali la wifi lilinigusa mahali pabaya, maana miaka michache nyuma niliwahi kusimama mlangoni mwa wodi nikipiga kelele nikidai kitu kilekile anachokikataa.

Baba yangu alikuwa amelazwa na moyo wake ukasimama usiku. Niliwaona wakimkandamiza kifua kwa zamu, nikamwona mmoja akichoma sindano kwenye dripu, na kwenye kioo nikauona mstari. Nikapiga kelele: "Mshtueni! Ipo mashine, mshtueni!" Hawakumshtua. Kwa miezi mingi niliamini baba aliachwa afe. Hakuna aliyekosea usiku ule, na hilo sikulijua mpaka wifi, ambaye ni muuguzi, aliponikalisha chini jikoni kwake Nyakato akanieleza. Nilichokuwa nacho kichwani mlangoni pale nilikuwa nimefundishwa na televisheni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza ni sizoni gani ya madaktari iliyo ya kweli kuliko zote, siwezi kumjibu kwa neno moja. Kuna kweli ya mikono: bomba limeingizwa sawa, dawa ni yenyewe, maneno ni yale wanayosemezana madaktari. Ubishi mwingi unaishia hapo. Halafu kuna kweli ya matokeo: wangapi wanapona, kwa muda gani, na wakirudi nyumbani wanarudi wakiwa na hali gani. Ya kwanza inamkera muuguzi aliyekaa kwenye kochi. Ya pili ndiyo unayotembea nayo siku unapompeleka mtu wako hospitali. Nimezilinganisha hizi tamthilia kwa kipimo hiki cha pili zaidi, na msomaji anayetafuta nyingine atapata kitu humu pia.

Moyo uliosimama: ER na wenzake

Kwanza lile somo la jikoni, kwa sababu bila hilo ulinganisho wote hauna mguu. Mashine ya kushtua haiwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kuunyamazisha kwa nukta moja moyo uliochanganyikiwa, ule unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, ili uanze upya kwa mpigo wake wenyewe. "Chukulia ngoma za Bulabo pale Bujora," wifi alimwambia mama mkwe siku ile. "Kila mpigaji akipiga lake, kiongozi anapuliza filimbi wanyamaze wote, halafu wanaanza pamoja. Lakini wapigaji wakiwa wameshaenda makwao, filimbi utampulizia nani?" Mama akaelewa papo hapo. Mstari ulionyooka ni uwanja mtupu. Hapo kilichobaki ni kukandamiza kifua, adrenalini, na kutafuta haraka kilichousimamisha moyo. Ndicho walichomfanyia baba.

Tamthilia nyingi hushtua mstari ulionyooka kwa kuwa ule mruko wa mwili unapendeza kwa kamera. Nyingi pia zinaonyesha mtu akikandamiza kifua huku viwiko vimekunjwa kama anakanda unga wa chapati. Hilo lina sababu ya msingi: mwigizaji aliyelala pale ni mzima, na ukimkandamiza inavyotakiwa, sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono imenyooka, unaweza kumvunja mbavu. Kwa hiyo tusiwalaumu kwa hilo. Ila usijifunze kukandamiza kifua kwa kuwaangalia.

ER, tamthilia ya Kimarekani ya kitengo cha dharura, ilianza Septemba 1994 ikaisha Aprili 2009, episodi 331. Mwanzilishi wake, Michael Crichton, alisomea udaktari Harvard, na muswada wa kwanza aliuandika miaka ya 1970 akitumia aliyoyaona hospitalini. Baadaye wakaongezeka waandishi ambao wenyewe ni madaktari, kama Neal Baer na Joe Sachs. Hospitali yake, County General ya Chicago, ni ya kubuni, lakini ni hospitali ya umma inayopokea kila mtu: mlevi, maskini, mtoto aliyeokotwa. Kwa mtazamaji wa Mwanza hilo peke yake linaifanya iwe karibu kuliko zile hospitali za vioo na sakafu zinazong'aa. Watu wanasubiri, wanagombana na mapokezi, machela zinakaa kwenye korido. Madaktari wanasema haraka na hawasimami kukufafanulia. Kwa kweli ya mikono, kwa wakati wake, haikuwa na mpinzani.

Lakini mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine baada ya kuhesabu watu waliokandamizwa kifua katika ER na vipindi vingine viwili vya wakati ule, Chicago Hope na Rescue 911. Katika kila wanne, watatu mioyo yao ilirudi, na asilimia 67 walionekana kuelekea kutoka hospitalini wakiwa hai. Huko huko Marekani, moyo ukisimama nje ya hospitali, anayepona hadi kurudi nyumbani ni takriban mmoja kati ya kumi. Ukiwa ndani ya hospitali hali ni nafuu kidogo, lakini bado wengi hawarudi. Kwa hiyo tamthilia iliyoongoza kwa mikono ilikuwa imekosea kwenye matokeo, na watu wakaingia hospitali kote duniani, mimi nikiwemo, wakidhani kufa baada ya kukandamizwa kifua ni uzembe wa mtu.

Kuna episodi moja ya ER, ya mwaka 1995, ambayo ningependa kila mume wa Kanda ya Ziwa aione. Mama mjamzito anafika, daktari mzuri na mwenye moyo anadhani ni maambukizi ya kibofu, anamruhusu. Kumbe ni presha ya mimba. Anapata kifafa cha mimba, na hadi asubuhi amefariki, mtoto amepona. Shemeji aliiangalia mara mbili. Hakuna muujiza, hakuna daktari mbaya wa kulaumiwa, kuna dalili iliyopita mbele ya macho ikaonekana ndogo. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba: wifi aliyataja hayo akihesabu vidole, mama mkwe akaitikia kila moja kwa sababu mdogo wake alikufa hivyo Ukara kabla ya sisi kuzaliwa.

Kasoro mbili za ER ni lazima nizitaje. Moja ni umri. Utabibu unabadilika: mpangilio wa kukandamiza mara thelathini na kupuliza pumzi mbili ulikuja na mwongozo wa mwaka 2005, kwa hiyo misimu mingi ya mwanzo inaonyesha mambo ambayo hata yalipokuwa sahihi leo hayafanywi. Ya pili ni Afrika yake. Mwaka 2003 waliwapeleka madaktari wao wawili, Kovač na Carter, kufanya kazi Kongo, hadi Kisangani. Shemeji aliangalia kwa hamu akitegemea kuona zahanati kama zetu. Akapata wanamgambo, bunduki na daktari Mzungu anayetekwa. Muuguzi Mwafrika anayeendesha kliniki ya watoto Jumatatu hadi Ijumaa bila risasi hata moja, huyo hakupewa nafasi. Hapo nakubaliana na shemeji kabisa.

Grey's Anatomy: inadanganya vibaya, lakini iliwahi kufundisha vizuri

Hii ndiyo inayoongoza kwa wapenzi mtaani kwetu, na ndiyo anayoipinga wifi kuliko zote. Ilianza Machi 2005, Seattle, mtunzi Shonda Rhimes, na imeshapita episodi 400. Mapenzi ndiyo injini yake. Madaktari wa upasuaji wanafanya kila kitu: wanapasua, wanasukuma machela, wanapiga picha, wanakaa na mgonjwa usiku kucha. Wauguzi unaweza kuhesabu episodi nyingi wasiseme sentensi. "Mimi pale ningekuwa pazia," wifi alisema, na aliumia kweli aliposema hivyo.

Mwaka 2018 kundi la madaktari wa upasuaji lilichukua majeruhi 290 wa kubuni kutoka episodi 269 za tamthilia hii wakawalinganisha na majeruhi halisi wa Marekani. Nilidhani watakuta inaponya kupita kiasi. Walikuta kinyume: inaua zaidi. Asilimia 22 ya majeruhi wa tamthilia walikufa, wakati wa kweli ni 7. Udanganyifu upo kwa wanaobaki. Kwenye tamthilia asilimia 71 walitoka mapokezi ya dharura moja kwa moja hadi thieta, wa kweli ni 25. Na waliojeruhiwa vibaya wakapona, nusu yao walitoka hospitali ndani ya wiki moja, wakati kwa hali halisi wanaotoka mapema hivyo ni kama mmoja kati ya watano.

Fikiria maana yake kwa familia ya kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabara ya Igoma. Mguu umening'inizwa na uzito, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndugu wanapokezana kuleta uji, mmoja ameacha genge lake, pesa ya dawa inachangwa. Baadaye magongo, mazoezi ya viungo, na mguu unaouma kila mvua ikinyesha. Tamthilia hii ina mambo mawili tu: anakufa kwa muziki wa huzuni, au anatabasamu na kuondoka. Katikati pale, ambapo wagonjwa wetu wengi wanaishi, pamefutwa.

Hata hivyo nisiionee. Mwaka 2008 waandishi waliweka ndani ya hadithi mama mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI, na daktari akamwambia kwamba akitumia dawa ana nafasi ya asilimia 98 ya kuzaa mtoto asiye na maambukizi. Taasisi ya Kaiser Family Foundation iliwapima watazamaji kabla na baada. Kabla, waliojua ukweli huo walikuwa asilimia 15. Baada tu ya episodi, 61. Wiki sita baadaye bado asilimia 45 walikumbuka. Wifi alipolisikia hili alitulia. Yeye amekaa miaka kliniki ya wajawazito akirudia maneno hayohayo kwa mama mmoja mmoja, na anajua ni kazi gani kumfanya mtu aamini. Tamthilia inayokosea mia inaweza kupatia moja, na hiyo moja ikaokoa watoto.

Kwa hiyo kama unataka ya kuangalia na wadogo zako Jumamosi, mlie, mcheke, mgombane nani amuoe nani, chukua Grey's Anatomy bila kuona haya. Ila kama nyumbani kuna mtu amelazwa sasa hivi, iweke kando kwanza.

House na mvuvi wa Kayenze

House, 2004 hadi 2012, episodi 177, ni hadithi ya upelelezi iliyovaa koti jeupe. Daktari mmoja mkali, mguu unamuuma, dawa za maumivu zimemteka, ana timu nzima ya madaktari na mgonjwa mmoja kwa wiki. Timu hiyo inachukua damu, inapima yenyewe maabara, inaendesha yenyewe mashine kubwa za picha, halafu inavunja nyumba ya mgonjwa kutafuta sumu. Fundi sanifu wa maabara hayupo kabisa. Kama kweli ya kazi, hii ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu.

Magonjwa yenyewe yapo vitabuni, na hapa House ina heshima yake. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha kisa cha madaktari wa Marburg, Ujerumani: mgonjwa moyo umechoka, macho na masikio vinapotea, hakuna anayejua sababu. Profesa Jürgen Schäfer, ambaye hutumia House kufundishia, akakumbuka episodi iliyofanana, akaagiza apimwe kobalti. Ilikuwa ni sumu ya kobalti kutoka kwenye nyonga ya bandia ya chuma. Jambo hili lilitokea kweli, si mambo ya mitandaoni.

Lakini angalia lilipotokea: mikononi mwa mtu aliyeshaondoa magonjwa ya kawaida yote. Kosa la House kwa mtazamaji ni kwamba ya kawaida yanadharauliwa. Mvuvi wa Kayenze akiletwa anatapika damu, daktari wa ukanda huu anauliza mapema kuhusu kichocho, kwa sababu mayai ya kichocho hukwama kwenye ini miaka na miaka, ini linakakamaa, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inavimba hadi kupasuka. Hiyo haihitaji kipaji cha ajabu, inahitaji mtu anayejua ziwa lake. Mtoto akija analia mifupa inauma na macho ya manjano, huku kwetu selimundu haikai mwisho wa orodha. Nimewahi kumsikia kijana akimwambia nesi wa zahanati kwamba malaria ni jibu la mtu mvivu. Kipimo kikaonyesha malaria.

Ichague House kama unapenda fumbo. Kwa wanafunzi wa utabibu shemeji anaipendekeza hivi: simamisha kila baada ya dakika kumi, andika unachodhani, uandike na cha kawaida zaidi kinachoweza kuleta dalili hizo. Yeye ndivyo anavyoiangalia na daftari lake limejaa.

The Pitt: hapa wifi alisogeza kiti

Hii ni mpya, Januari 2025. Pittsburgh, kitengo cha dharura, msimu wa kwanza una episodi 15 na kila moja ni saa moja ya zamu ileile, kuanzia saa moja asubuhi. Nyota wake ni Noah Wyle, yuleyule aliyekuwa Carter kijana kwenye ER, sasa ana mvi na ndiye mkuu wa zamu. Joe Sachs naye yumo tena kwenye uandishi. Septemba 2025 ilitwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Muziki wa kukuambia lini uogope karibu haupo. Ukumbi wa kusubiri umejaa toka asubuhi, vitanda vya juu wodini havipatikani, wagonjwa waliokwisha kupokelewa wanakaa chini kwenye dharura kwa saa nyingi. Muuguzi mkuu wa zamu, Dana, ndiye anayejua kila kitanda kina nani, na kuna wakati mgonjwa aliyechoka kusubiri anampiga ngumi usoni. Wifi alisimama pale. Hakusema lililowahi kumpata yeye, alisema tu, "Hawa wamemuuliza nesi kabla ya kuandika."

Sehemu iliyonishika mimi ni ya mzee mmoja mwenye nimonia. Aliacha maandishi kwamba asiwekewe mashine ya kupumulia. Watoto wake wawili, wakubwa, wanakataa. Wanataka kila kitu kifanyike, na kinafanyika, na mzee anateseka mpaka wao wenyewe wanamwachia. Daktari hawagombezi. Anawapa maneno ya kumwambia baba yao: kwamba wanampenda, wanamshukuru, wamemsamehe, na awasamehe. Nililia mpaka mama mkwe akahama kochi akaja kukaa kwangu. Baba yangu sikumwambia hata moja kati ya hayo, nilikuwa mlangoni nadai mashine. Hii ndiyo kweli ya matokeo ninayoizungumzia tangu mwanzo: watu wanakandamizwa kifua na hawarudi, na tamthilia inabaki na wewe kwenye dakika zinazofuata.

Kasoro zipo. Zamu moja haiwezi kubeba visa adimu vingi kiasi kile. Wifi anasema umeona ya mwaka mzima kwa siku moja. Wanafunzi wa siku ya kwanza wanaruhusiwa kugusa mambo mazito mno. Majibu ya vipimo yanarudi kabla chai haijapoa. Damu na vidonda vinaonyeshwa bila kufichwa, kwa hiyo si ya kuangalia watoto wakiwa macho wala ya wakati wa kula. Lakini ukiiweka ubavuni mwa ER, imesahihisha kile hasa ambacho jarida la 1996 lililalamikia, na kwangu inashinda.

Scrubs, na kweli ambayo sikuitarajia

Hii ni vichekesho, 2001 na kuendelea, na nilikuwa nimeiondoa kwenye ulinganisho. Shemeji ndiye aliyeirudisha. Kwenye utangulizi wake picha ya eksirei ya kifua imetundikwa kinyume, kushoto kuwe kulia, na wabishi wa usahihi huishia hapo. Wasiishie. Mtunzi wake, Bill Lawrence, aliichota kutoka maisha ya rafiki yake daktari, Jonathan Doris, ambaye pia alikuwa mshauri wa kitabibu, na waliirekodia kwenye hospitali halisi iliyokuwa imefungwa.

Kuna kweli ya tatu ambayo hizo nyingine zinaigusa kidogo tu: kweli ya kuwa daktari mpya. Kuogopa kuitwa usiku. Kumtegemea nesi ambaye anajua kuliko wewe na wote wawili mnalijua hilo. Kupata kosa lako kwenye faili la mgonjwa kabla ya mtu mwingine kuliona. Mapema kabisa msimu wa kwanza kuna episodi ambapo madaktari watatu wapya wana wagonjwa watatu, umezoea kwamba mmoja atakufa, na wanakufa wote watatu. Hakuna aliyekosea. Shemeji atakwenda mafunzo kwa vitendo baada ya kuhitimu na aliniambia, "Shemeji, hii ndiyo inayonitisha kuliko zote, maana najiona." Mtu mwenye mwanawe anayesomea udaktari au uuguzi ampe hii.

The Good Doctor nitaipita kwa haraka. Ipo ya Kikorea ya 2013 na ya Kimarekani ya 2017 hadi 2024. Zote zina daktari kijana wa upasuaji mwenye usonji na kipaji kisicho cha kawaida. Inafungua mazungumzo kuhusu usonji ambayo sebule nyingi hazijawahi kuwa nayo, na hilo ni zuri. Lakini wazazi wenye watoto wenye usonji wajue kwamba wengi wao hawana kipaji cha namna ile na hawahitaji kuwa nacho ili wapendwe. Na ile ya Kimarekani inaanza na kijana anayemtoboa mtoto kifua uwanja wa ndege kwa kisu na mrija. Usijaribu, na ukiangalia na vijana, sema kwa sauti.

Kijiko mdomoni

Kosa moja linapita kwenye karibu zote na linagusa kila mtaa wa huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, mwaka 2010 walipitia episodi 327 za Grey's Anatomy, House, Private Practice na misimu mitano ya mwisho ya ER. Walikuta watu wakianguka kifafa mara 59, na karibu nusu ya mara hizo madaktari na wauguzi wa tamthilia walitoa huduma ya kwanza isiyo sahihi: kumshika kwa nguvu, kuzuia asitikisike, kuweka kitu mdomoni. Huku kwetu kijiko mdomoni tayari tunacho, na wengine wanaogopa hata kumgusa mtu akiwa na povu. Sasa televisheni inakuja kukipiga kijiko muhuri. Sahihi ni hivi: ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, usimtie kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Na kama aliyeanguka ni mjamzito, usisubiri hata dakika moja.

Kabla hujajaza flashi

Wengi wetu tunaziangalia zikiwa zimetafsiriwa, sauti ya mfasiri juu ya sauti ya mwigizaji. Hapo usahihi wa mwandishi unabaki mikononi mwa mtu mmoja mwenye maikrofoni. Nimesikia moyo unaotetemeka ovyo ukitafsiriwa "moyo umezima", na kiharusi kikaitwa presha imepanda. Kichekesho cha mapenzi kinavumilia tafsiri hiyo. The Pitt na ER hazivumilii, zitafute zenye maandishi hata kama utasoma polepole, au mkae na mtu anayejua.

Mama mkwe amekaa nasi wiki tatu na ameziangalia zote. Kilichomsumbua yeye hakuna aliyekuwa amekitaja, si wifi, si shemeji, si mimi. Tulipomaliza msimu wa The Pitt alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, akauliza bila kuinua macho: "Huyu mgonjwa wa kitanda cha pembeni, toka asubuhi yupo. Nani anamletea uji?"

Wifi akaanza kumweleza kwamba huko hospitali ndiyo inayopika. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Najua, mwanangu. Lakini ndugu zake wako wapi?"

Tukairudisha nyuma tumwangalie. Ni kweli, hakuna aliyekuja kwake zamu nzima.